Njia Inapita kwa Wechuli

Huzaifa aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha akacheka peke yake.

"Mama, hii si nyumba. Hii ni jela iliyopakwa rangi."

"Aliyeijenga alikuwa Mhindi wa pamba," Nakhumicha alimjibu. "Aliogopa wezi, akaogopa na joto."

"Basi na Wi-Fi aliiogopa kabla haijazaliwa."

Nakhumicha alitabasamu kidogo, kwa adabu tu. Kijana huyu wa Kaloleni alikuwa ametumwa na Mark, mwanawe mkubwa anayefanya kazi Doha, na alikuja na begi la vifaa na mdomo mwepesi. Haikuwa kosa lake kwamba nyumba hii ilikuwa imesahau kucheka.

Ilikuwa Milimani, juu kidogo, mahali ambapo upepo wa ziwa hufika jioni ukiwa umechoka. Marehemu mumewe, Mzee Simiyu, aliinunua wakati bado ana cheo bandarini. Kuta zake ni za mawe, nene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala dirishani bila kuanguka upande wowote. Sebule iko mbele. Kutoka hapo korido ndefu inaingia ndani, inajikunja katikati kama kiwiko, kisha inaishia kwenye chumba cha nyuma kabisa, karibu na jiko. Wi-Fi iliyokuwapo ilikaa sebuleni. Ukiingia koridoni inaanza kukatika, na ukipita ile kona, hata mtandao wa kawaida wa simu unazimika kama mshumaa uliofunikwa bakuli.

Na huko nyuma ya kona ndiko alikokuwa mtoto.

Alikuwa mtoto wa Mark, wa kwanza, wa kiume. Emmaculate, mkewe Mark, alijifungua Kisumu mumewe akiwa ng'ambo, akaletwa kwa mama mkwe atunzwe. Picha Mark alitumiwa, lakini alisema picha hazipumui. Alitaka kumwona mwanawe akipumua. Sebuleni ingekuwa rahisi, ila mtoto hakuweza kupelekwa sebuleni. Kwa desturi, kama Nakhumicha alivyoipokea kwa mama yake kule Kimilili, mtoto haletwi mbele ya watu kabla hajapata jina la mmoja wa waliotangulia. Kadi ya kliniki ilisema Enos, lakini hilo lilikuwa jina la kadi. Jina la damu hutafutwa. Mtoto akilia kilio kisichokoma, bibi humpakata na kuwaita wafu wa ukoo, mmoja mmoja. Jina litakalomnyamazisha akashika titi, hilo ndilo lake, na mwenye jina hilo ndiye aliyekuja.

Mtoto huyu alilia. Kila siku jua lilipoanza kuinama juu ya ziwa, alianza, akalia mpaka sauti ikakwaruza. Hospitali walimpima kutoka utosini hadi unyayoni, wakasema ni mzima. Nakhumicha aliwaita wafu wote, wa upande wa Simiyu na wa upande wake, akarudia tena. Mtoto hakumtaka hata mmoja.

Kulikuwa na jina moja ambalo hakuliita.

Wechuli, mwanawe wa pili, alifanya kazi kwenye vizimba vya samaki vinavyoelea ziwani mbele ya Usoma. Siku moja alitoka na mtumbwi kwenda kuwalisha samaki. Magugumaji yakafunga njia ya kurudi, na yalipofunguka, mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Wazamiaji walitafuta wakachoka. Mwaka ukapita, wa pili ukaanza. Shemeji yake Nakhumicha, Mzee Naswa, hakuacha kupiga simu kutoka Kimilili kumkumbusha lililobaki kufanywa: mtu asiyepatikana huzikiwa mgomba. Mgomba hukatwa, ukavikwa nguo zake, ukalazwa kaburini kama yeye, apate kutulia. Kila mara Nakhumicha alimjibu neno lile lile.

"Nizike mgomba, kwani nilizaa ndizi?"

Basi kumwita Wechuli juu ya mtoto kulikuwa kumhesabu pamoja na wafu, kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuwa tayari. Jina lilikaa mdomoni mwake kama mbegu ambayo mtu haimezi wala haitemi.

Huzaifa aliketi sakafuni akachora nyumba kwenye karatasi.

"Hii inaitwa mesh, Mama. Ni kama wavu. Kifaa kimoja hakiwezi kutoboa mawe haya, kwa hiyo tunaweka kadhaa, kila kimoja kinaonana na mwenzake kupitia milango. Huyu wa sebule anampa yule, yule anampa mwingine, hadi kwa mtoto. Sasa nitajie vyumba."

"Hiki cha kwanza ni kwa Mzee," Nakhumicha alisema, akionyesha kwa kidole. "Hapa kwenye kona ni kwa Wechuli. Kule nyuma ni kwangu, ndiko aliko mtoto."

Ndivyo vyumba vya nyumba hii vilivyoitwa siku zote. Hakuna aliyewahi kusema chumba cha wageni au chumba cha kusomea. Mzee alikuwa kaburini na chumba kilikuwa bado kwa Mzee. Huzaifa, ambaye hakuambiwa zaidi, aliandika kwenye simu yake jina la kila kifaa kama alivyotajiwa: Sebule, Mzee, Wechuli, Mama.

"Na huyu Wechuli yuko kazini?" aliuliza. "Nitahitaji kufunguliwa kwake. Njia yote inapita pale."

"Kiweke koridoni."

"Koridoni hakuna soketi. Nimejaribu na waya mrefu pia, ukuta wa kona unameza kila kitu. Bila kupita kwa Wechuli, mtoto hafikiki."

Nakhumicha alifungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo.

Mlango uligoma kidogo, halafu ukakubali. Chumba kilikuwa kama kilivyoachwa: kitanda kimetandikwa ovyo, mabuti ya mpira chini ya dirisha, vumbi kila mahali. Nyuma ya mlango lilining'inia jaketi la rangi ya chungwa, lile la kuelea majini. Waajiri walimpa kila mfanyakazi, na Wechuli hakulipenda. Alisema linamfanya aonekane kama chungwa lililopewa miguu. Mama yake alikuwa akimkumbusha kila asubuhi mlangoni, na siku alizokubali kulivaa, kamba ya chini hakuifunga. Siku ile alitoka bila jaketi, mama akamwita, naye akapunga mkono bila kugeuka.

Huzaifa aliangalia jaketi, akaangalia uso wa mama, akaelewa kiasi.

"Samahani, Mama. Sikujua."

"Hukuambiwa. Weka kitu chako."

Alikichomeka kwenye soketi iliyo juu ya mabuti, kidude cheupe chenye taa ndogo. Taa ilikuwa nyekundu, ikawaza, ikawa nyeupe. Kuhusu jina alilokwisha kuandika, ama hakukumbuka ama aliona haya kulitaja.

Walijaribu. Yeye alirudi sebuleni, Nakhumicha akaenda chumba cha nyuma, wakapigiana simu kwa mtandao ule mpya.

"Unanipata, Mama?"

"Nakupata vizuri."

"Hebu funga bomba, nisikie."

"Bomba gani?"

"Hilo hapo ulipo. Nasikia maji. Yanapiga polepole, kama yanapiga ubavu wa kitu."

Nakhumicha alitazama chumba. Hakukuwa na bomba, hata beseni. Emmaculate alikuwa akikunja nepi. Mtoto alilala chali, macho wazi, ameuelekezea uso ukuta wa upande wa kona.

"Hapa hakuna maji," alisema.

"Basi ni simu yangu hii," Huzaifa alisema. Alingoja kidogo kama mtu aliyekusudia kuongeza utani, lakini hakuongeza.

Alasiri ile ile Mark alimwona mwanawe akipumua.

"Huyu ni mimi mtupu!" alipiga kelele kutoka Doha. "Tazama pua!"

"Wewe hukuwahi kuwa mzuri hivi," Emmaculate alimwambia. "Nimeona picha zako. Ulifanana na kiazi."

"Mama, umemsikia mkeo anavyonitukana?"

"Mke wangu? Si ulimwoa wewe!"

Walicheka wote, na Nakhumicha alihisi uso wake ukifanya kazi iliyosahaulika. Mark aliinamisha kichwa, akatega sikio.

"Kisumu kunanyesha?"

"Jua linawaka," Emmaculate alisema.

"Mbona nasikia maji?"

Kabla hawajamjibu, picha ikaganda, Mark akiwa mdomo wazi. Nje jua lilikuwa limeanza kuinama. Mtoto alivuta pumzi, akaanza kulia. Simu ya Nakhumicha, ambayo Huzaifa aliiwekea programu ya Kiswahili ili mama aelewe, ikipokea kwa kifaa cha hapo chumbani habari za vifaa vingine, ilitetemeka mkononi mwake. Akasoma.

*Wechuli hayupo.*

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Tangu yale matangazo ya kumtafuta yabanduliwe kwenye nguzo za stima, hakuwa ameona jina hilo limeandikwa popote. Mtoto alilia, na kulia, na Emmaculate alimtembeza kutoka ukuta hadi ukuta. Giza lilipokamilika, simu ikatetemeka tena.

*Wechuli amerudi.*

Mtoto akanyamaza papo hapo, kama mtu aliyewekewa mkono mdomoni, akasinzia bila kunyonya.

Ikawa hivyo kesho yake na kesho kutwa. Jua likiinama, hayupo. Giza likishika, amerudi. Nakhumicha alijua ni kifaa. Kichwani alijua, kama unavyojua kwamba picha ukutani ni karatasi. Lakini alianza kuingoja jioni mapema. Alimaliza kazi za jiko jua likiwa bado juu, akaketi na simu mapajani, akingoja lile neno la pili. Likifika, kitu kifuani mwake kililegea. Mama yeyote aliyewahi kungoja kijana aingie, akasikia lango, anakijua kitu hicho. Alikuwa amekikosa muda mrefu, na sasa alikuwa akikipata kila siku.

Mtoto alikuwa akikonda. Mkunjo mdogo uliokuwa kwenye mapaja yake ulitoweka.

Mark, ambaye kila jioni aliachwa na picha iliyoganda, alimtuma Huzaifa tena. Kijana aliingia kwa Wechuli, akachutama, akapitisha kiganja sakafuni chini ya soketi. Kilitoka na maji.

"Kuna bomba linapita nyuma ya ukuta huu?"

"Hakuna," Nakhumicha alisema. "Halijawahi kupita."

"Basi ni mawe yanatoa jasho. Nyumba za zamani zina mambo yake. Unyevu ukiingia kwenye soketi, kifaa kinakata."

Alikausha, akabadilisha soketi nzima. Kisha akafanya jambo lingine kwa uhakika zaidi: alikitoa kile kifaa akakipeleka chumba cha Mzee, na cha Mzee akakileta hapa, akarekebisha majina kwenye simu. Kama kifaa ni kibovu, alieleza, ubovu utahama nacho. Aliwasha, akasimama kidogo akikuna shingo.

"Mama, na hili jina. Naweza kuandika Kona tu. Au Korido. Ni dakika moja."

"Usiguse jina."

Alisema kwa ukali hata yeye mwenyewe akashtuka. Huzaifa aliinua mikono yote miwili.

"Sijagusa, Mama. Wallahi sijagusa."

Jioni ile kifaa cha zamani kilifanya kazi vizuri kwa Mzee. Kwenye kona, kile ambacho hakijawahi kusumbua kiligeuka chekundu jua lilipoinama. Ubovu haukuhama. Ulibaki chumbani.

Ajwang, muuza samaki wa Obunga, alikuja asubuhi iliyofuata na beseni lake la mgongo wazi, yale mapande ya samaki yaliyokaangwa baada ya minofu kuchukuliwa. Alikuwa na desturi ya kuingia kwa mlango wa jiko bila kubisha, akiongea tangu langoni.

"Mama Mark! Leo nimekuletea wenye nyama. Usiniangalie hivyo, nyama ipo, ni ya kutafuta." Alitua beseni, akamwona Emmaculate na mtoto begani, akaacha utani. "Nyasaye wangu. Huyu ndiye yule?"

"Ndiye."

"Mbona amekuwa hivi?"

"Analia," Emmaculate alisema. "Jioni analia, hanyonyi."

Ajwang alifuta mikono kwenye leso, akamgusa mtoto kisogoni kwa kidole kimoja.

"Kwetu Wajaluo tungesema analilia jina. Kuna mtu amesimama mlangoni, na mtoto ndiye mlango. Hamwoni mtu, mnaona mlango unatikisika. Mmeita?"

"Tumeita," Nakhumicha alisema. "Wote."

"Wote?"

Ajwang hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amemjua Wechuli. Alikuwa akimuuzia samaki kwa mkopo na kumwita mkwe wake. Nakhumicha aligeuka akaanza kupanga samaki kwenye sahani, mmoja baada ya mwingine, vichwa upande mmoja. Ajwang alijitwika beseni lake, akaondoka bila kelele.

Emmaculate alibaki amesimama. Alikuwa msichana mpole, aliyeingia nyumba hii akiwa anainamisha macho, na hakuwahi kumjibu mama mkwe.

"Mama," alisema, "nikikosea unisamehe. Kuna jina hujaliita."

"Huyo hajafa."

"Sijasema amekufa. Nasema mwanangu anakonda. Nami nakuona jioni, Mama. Mtoto akilia wewe huangalii mtoto. Unaangalia simu."

Kulikuwa na kisu mezani, na samaki, na mikono ya Nakhumicha mwenyewe yenye mafuta. Aliitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Siku hiyo jua lilishuka jekundu, na harufu ya ziwa ikapanda hadi Milimani, ile harufu ya magugumaji yanayooza, ambayo haifiki huko mara nyingi. Nakhumicha alikuwa tayari ameketi kwenye ukingo wa kitanda na simu mapajani. Alikuwa amejiambia hataketi. Miguu ilimleta.

Mtoto alianza. Alilia kama kawaida yake, sauti ikapanda, ikapanda, kisha jambo likabadilika. Mdomo ulibaki wazi, uso umekunjamana, kifua kikienda, lakini hakikutoka chochote. Alikuwa analia bila sauti.

"Mama!" Emmaculate aliita. "Mama, mtazame!"

Simu ikatetemeka. *Wechuli hayupo.* Na jicho la Nakhumicha likaenda kwenye simu kwanza.

Alijiona. Hakuhitaji kioo. Aliuona mkono wake umeshika simu kwa nguvu, na mikono ya mkaza mwanawe imeshika mtoto asiyetoa sauti, na akaelewa alichokuwa akinunua kila jioni, na kwa bei gani.

Aliiweka simu kitandani, uso chini.

"Nipe."

Alimchukua mtoto akatoka naye koridoni. Emmaculate alimfuata. Mlango wa kwa Wechuli haukuwa umefungwa tangu Huzaifa aje. Ndani mlikuwa na mwanga wa mwisho wa dirishani, na juu ya mabuti ile taa ndogo, nyekundu. Nakhumicha alivua viatu mlangoni, kama anayeingia kwa mgonjwa. Sakafu ilikuwa imelowa. Maji yalikuwa baridi, yakafika katikati ya vidole vyake.

Kisha akayasikia. Huzaifa aliyasikia kwa simu, Mark aliyasikia kutoka Doha, na yeye mwenye nyumba hakuwahi. Sasa aliyasikia kwa masikio yake, bila simu yoyote karibu: maji yakipiga ubavu wa mtumbwi, polepole, mahali fulani ndani ya chumba kile kidogo. Emmaculate alimshika mkono wa nguo. Naye alikuwa anasikia.

Nakhumicha aliketi kwenye kitanda cha mwanawe. Alimlaza mtoto mapajani, uso kwa uso. Alianza tena mwanzo, labda kwa uoga, labda kwa heshima.

"Simiyu." Kimya kile kile, mdomo wazi. "Nakhungu, mama yangu." Hapana. "Simiyu, mume wangu, nakuita tena, kama ni wewe..." Hapana. Mtoto alikuwa anaanza kugeuka rangi kwenye midomo.

"Wechuli," alisema.

Lilitoka dogo. Akalisema tena kwa sauti aliyokuwa akiitumia langoni asubuhi.

"Wechuli wa Simiyu. Mwanangu wa pili. Kama ni wewe umesimama huko nje, ingia, baba. Nilidhani nimekushika. Kumbe nilikuacha majini muda wote huu, kila jioni nakutazama ukija na kuondoka, sikufungulii. Ingia. Nimekubali. Kaa na huyu mtoto, umpe jina lako, na wewe upumzike."

Mtoto alifunga mdomo. Alipepesa macho, akageuza kichwa upande, akatafuta kwa midomo. Emmaculate alipiga magoti pale pale sakafuni kwenye maji, akafungua kifua, na mtoto akashika titi kwa nguvu mpaka mama yake akaguna. Chumbani ikabaki sauti ya kumeza.

Maji yalikuwa yamenyamaza. Hayakufifia. Yalikoma mara moja, kama mtu aliyefika alikokuwa akienda akaweka kasia chini. Na taa ndogo juu ya mabuti haikuwa nyekundu wala nyeupe. Ilikuwa imezimika.

Nakhumicha hakulia. Aliketi akisikiliza mjukuu wake akinyonya hadi dirisha likawa jeusi. Kisha akarudi chumba cha nyuma akaichukua simu, akaigeuza. Hakukuwa na neno la pili. Alijua halitakuja, na bado alingoja kidogo, kwa mazoea. Simu ikaanza kuita. Alikuwa Mark, na picha ilikuwa safi kana kwamba amesimama mlangoni.

"Mama, leo hamjakatika! Mtoto yuko wapi?"

"Yuko kwa Wechuli. Ananyonya."

Mark alimtazama mama yake, na kwa kuwa alikuwa mtoto wa nyumba hiyo, hakuuliza swali la kijinga.

"Umemwita," alisema.

"Nimemwita."

"Na akaja."

"Akaja."

Mark alijifuta uso kwa mkono wa shati. Baadaye, kabla ya kukata, alisema, "Leo hakuna maji."

Huzaifa alipokuja alikikuta kifaa cha kona kimekufa. Alikijaribu kwenye soketi ya sebuleni, ya jikoni, akakitikisa karibu na sikio. Hakikuwaka. Sakafu ilikuwa kavu, vumbi juu yake. Alichukua simu yake akaanza kutembea kutoka sebuleni, akipita korido, akikunja kona, akiingia chumba cha nyuma, macho kwenye vijiti vya mtandao. Alirudi, akatembea tena, safari hii polepole zaidi.

"Mama," alisema, "kifaa cha katikati hakipo. Kwa mawe haya, hapa kwako hapapaswi kufika kitu chochote. Na Wi-Fi imejaa. Imejaa kuliko sebuleni." Alikuna shingo. "Mimi sina la kueleza. Nikuwekee kingine pale kwa Wechuli, kwa usalama?"

"Wechuli hayuko pale tena," Nakhumicha alisema, na kwa kidevu akamwonyesha kitandani, ambapo mtoto alikuwa amelala, mikono juu kama aliyeshinda mbio. "Yuko huku."

Huzaifa alimwinamia mtoto.

"Mungu ampe umri," alisema. Akafuta lile jina kwenye programu mbele ya macho yake, na safari hii mama hakumzuia.

Jioni hiyo Nakhumicha alimpigia Mzee Naswa.

"Njooni mkate mgomba. Uko mmoja mzuri hapa nyuma ya jiko."

Upande wa pili mzee akakohoa.

"Jina umeshampa mtoto?"

"Nimeshampa."

"Umeanzia mwishoni, shemeji. Mtu huzikwa kwanza."

"Hakuwa na subira huyo. Hata wewe unamjua."

Wazee walikuja na gari la kukodi. Walikwenda kwanza Usoma wakamwita Wechuli ukingoni mwa maji, kisha wakapanda Milimani, wakaukata mgomba, wakauleta ndani wakaulaza kwenye kitanda cha kona. Mjukuu alipelekwa sebuleni kwa mara ya kwanza, akapokewa kwa jina lake, akapitishwa mkono kwa mkono. Akiwa chumbani kwa Wechuli, Naswa aliuliza nguo ziko wapi, shati gani, suruali gani.

"Shati lolote," Nakhumicha alisema. "Ila la juu nalijua mimi."

Alinyoosha mkono nyuma ya mlango akaliangua lile jaketi la rangi ya chungwa, akalikung'uta vumbi. Wazee walitazamana. Aliinama juu ya kitanda, akauvika mgomba, akaufunga kwa utulivu, kama anayemvalisha mtoto anayechelewa shule. Alifunga kamba ya juu. Alifunga ya katikati. Kisha akaivuta na ile ya chini, akaikaza, akapiga fundo mara mbili.